Kitukuu wa Mateka

Simu ilipolia mfukoni, Gilbert Griffins alikuwa amekandamiza pamba kwa vidole viwili kwenye mkono wa mgonjwa. Alikuwa ametoka kuchomoa sindano za mashine ya kusafisha damu, na kazi hiyo ina sharti moja: hubanduki mpaka damu ikatike. Simu ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Alipopata nafasi ya kuvua glavu na kuitazama, akakuta ujumbe kutoka shule ya bintiye, kule Savage, mji wa jimbo la Minnesota, Marekani. Mzazi wa Natasha afike kesho saa tatu asubuhi. Kuna maneno yamesemwa darasani.

Gilbert alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na kliniki ile ya Saint Paul alikuwa ameitumikia miaka kumi na minne. Wagonjwa wake hukaa kitini saa nne nzima, mara tatu kwa wiki, na walimpenda kwa sababu hakuwa na pupa ya kuchoma. Mkewe Wambui, ambaye ni muuguzi huko Burnsville, alikuwa na mazoea ya kuwaambia watu kwamba ameishi na mwanamume huyu miaka kumi na minane na hajamsikia akipaza sauti. Watu wakimsifu kwa upole wake, Gilbert hutabasamu. Yeye ndiye aliyejua kwamba ule si upole. Ni mtu aliyejifunza tangu utotoni kutovuta macho ya watu, wasije wakamuuliza anatoka wapi.

Jioni alimkuta Natasha mezani anakula wali na maharagwe, simu yake ikiwa kando ya sahani. Msichana alikuwa na miaka kumi na minne. Kiswahili alikisikia chote, ila kujibu alijibu kwa Kiingereza.

"Shule wamenipigia," Gilbert alisema. "Umesema nini huko?"

"Si kitu, Dad. Nia ndiye aliyeanza."

Nia alikuwa msichana wa darasa lake, Mmarekani mweusi. Kwa maelezo ya Natasha, walikuwa kwenye somo la historia, habari ya merikebu zilizobeba watumwa kuvuka Atlantiki. Mwalimu aligawa karatasi. Nia aliisoma, akageuka, akamtazama Natasha, Mwafrika pekee mle darasani, akamwambia: kwa hiyo ni nyinyi mliotuuza. Darasa zima likamtazama Natasha.

"Ukamjibu nini?"

Natasha alisogeza maharagwe kwa uma. "Nilimwambia sisi tulikuwa werevu, hatukukamatwa. Sisi tulikuja kwa ndege. Nyinyi mlikuja mkiwa mzigo."

Watoto walicheka. Nia alimrushia chupa ya maji, ikampata begani. Wote wawili wakapelekwa ofisini.

Gilbert alishika ukingo wa meza. "Nani kakufundisha maneno hayo?"

Msichana aliinua macho. Hakuwa anajibu kwa ufidhuli. Alishangaa kweli kwamba baba yake anauliza.

"Ni wewe na Uncle Ken. Kila mkichoma nyama mnasema hivyo. Wewe ulisema sisi si kama wao."

"Nyamaza!"

Sauti ilitoka kubwa hata Wambui akateremka ngazi mbio. Gilbert alikuwa amesimama, mkono umekaza ukingo wa meza. Natasha alikuwa amerudi nyuma na kiti chake mpaka ukutani. Gilbert aliona ile hofu usoni mwa mtoto, akauachia ukingo wa meza, akatoka kwenda gereji, akaketi ndani ya gari lililozimwa.

Kilichomwasha hakikuwa uongo wa mtoto. Mtoto alisema kweli. Maneno aliyajua yalikotoka, na yeye alikuwa mmoja wa walioyalea. Kwa miaka ishirini, kila Mmarekani aliposikia jina la Griffins akamdhania ni mweusi wa hapa, Gilbert aliharakisha kusahihisha: hapana, mimi natoka Kenya. Alitamka Kenya kama mtu anayeonyesha kitambulisho mlangoni. Na aliyekuwa mbele yake alilegea kidogo, akamchangamkia, na Gilbert akapokea uchangamfu ule akijua umetokana na nini.

Wala hakuna aliyewahi kumuuliza swali linalofuata: Mkenya gani anayeitwa Griffins?

Jina lile lilikuwa la baba wa babu yake, na huyo hakuzaliwa nalo. Alizaliwa upande wa Ziwa Nyasa. Akiwa na miaka kama minane alikamatwa pamoja na dada yake, wakatembezwa na msafara miezi hadi pwani ya Msumbiji. Huko walitenganishwa. Dada alinunuliwa na Wareno, akaingizwa katika merikebu kubwa iliyoshika njia ya kusini. Miaka mingi baadaye, yule mvulana akiwa mtu mzima, aliambiwa na Mzungu mmoja kwamba merikebu za bandari ile, wakati ule, zilikuwa zikienda Kuba. Yeye mwenyewe alitiwa katika chombo cha kwenda kaskazini. Manowari ya Kiingereza ilikikamata chombo hicho baharini, watu wakashushwa Bombay, India, watoto wakapelekwa shule ya misheni ya Nasik. Mwalimu mmoja alimpa jina lake. Mwaka 1875 akarudishwa Afrika na wenzake, wakapewa makazi Kisauni, mahali palipoitwa Frere Town.

Walipewa kanisa, shule na kazi. Hawakupewa kabila. Majirani waliwaita mateka. Gilbert alipokuwa shule ya msingi, mwaka wa themanini na tatu, mwalimu aliwaamuru watoto wasimame mmoja mmoja wataje kabila zao. Ilipofika zamu yake alisema Mgiriama, kwa kuwa mama yake alikuwa Mgiriama. Mvulana wa nyuma akasema kwa sauti, "Mwongo huyo. Huyo ni mateka." Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo Gilbert alishikilia Ugiriama wake mpaka kwa baba mkwe, kule Murang'a, alipokwenda kumposa Wambui. Mzee alimuuliza, "Griffins ni watu gani?" Akajibu, "Wagiriama, baba." Mzee akaitikia kwa kichwa, chai ikaletwa.

Hicho ndicho kicheko alichokisikia garini. Bintiye alikuwa amekizusha kile kile, katika darasa jingine, upande wa pili wa dunia.

Asubuhi alifika shuleni kabla ya saa. Naibu mkuu wa shule, Bwana Halvorsen, alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, wa kumwambia mtu kila kitu kwa tabasamu. Ndani ya ofisi alikwishaketi mama mmoja wa miaka sabini hivi, koti lake hajalivua. Alijitambulisha kwa neno moja moja. Odessa Tolliver. Bibi yake Nia. Hakutoa mkono.

Halvorsen alisema amefurahi kwamba wamefika. Alisema limetokea jambo la kutoelewana baina ya wanafunzi wawili wa rangi, na shule inaamini kwamba mazungumzo haya yatawajenga wote.

"Naomba kuiona karatasi," Gilbert alisema.

"Karatasi?"

"Iliyogawiwa darasani."

Halvorsen aliitafuta kwenye faili. Ilikuwa ukurasa mmoja, wenye ramani na mishale, na chini ya ramani maelezo mafupi. Gilbert aliisoma mara mbili. Iliandikwa kwamba watawala wa Kiafrika waliwakamata watu wa makabila mengine na kuwauza. Iliandikwa kwamba wafanyabiashara wa Kiafrika waliwaleta mateka pwani. Kisha ikaandikwa kwamba mateka walinunuliwa. Walipakiwa. Walisafirishwa. Mamilioni walipotea njiani.

"Bwana Halvorsen," alisema, "hapa juu naona nani alikamata na nani aliuza. Wametajwa. Chini hapa, nani alinunua?"

"Nadhani inaeleweka kutokana na muktadha."

"Nani alipakia?"

"Bwana Griffins, hii ni karatasi ya darasa la nane. Tumejaribu kuwa na mizani."

"Mizani ina pande mbili. Mwafrika akitenda, ana jina. Mzungu akitenda, merikebu inajipakia yenyewe. Wareno hawamo. Waingereza hawamo. Hao watu milioni kumi na mbili walijirusha majini wakaogelea mpaka huku?"

Tabasamu la Halvorsen lilibaki pale pale, lakini shingo ilipata wekundu. "Naelewa kwamba hisia zipo juu. Ila leo tupo hapa kwa ajili ya alichokisema binti yako."

"Nimekuja kwa hayo mawili. Mnawapa watoto wawili weusi karatasi ya kuwagombanisha, mnunuzi mnamficha, halafu mnawaita ofisini kwa kutoelewana."

Odessa Tolliver alimgeukia Gilbert, na Gilbert, kwa kuwa alikuwa amekasirika na mdomo umekwishafunguka, akamwambia jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele ya mtu. Alimweleza habari za Nyasa, Msumbiji, yule dada na merikebu ya Wareno, na jina la mwalimu wa Nasik. Alisema yeye ni kitukuu wa mateka. Alisema mwanawe alinena upumbavu ambao hakuwa na haki ya kuusema, na kwamba anaomba radhi.

Alipomaliza, alitaraji jambo. Hakujua hasa ni nini. Pengine mkono begani.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," Odessa alisema.

"Ndiyo, mama."

"Maisha yako yote unajua. Na bado mtoto wako alikua nyumbani mwako akijifunza kutucheka."

Gilbert aliikunja karatasi, akaikunjua.

"Mtu asiyejua namsamehe mapema. Wewe ulijua ukakaa kimya kwa sababu kimya kilikufaa." Alisimama, akafunga vifungo vya koti. "Unajua kwa nini mjukuu wangu anaitwa Nia? Mama yake alilitafuta jina kwenye kitabu, akaambiwa ni neno la Kiswahili. Alitaka mtoto awe na kitu cha huko. Na wa kwenu anaitwa Natasha."

Alitoka bila kumuaga Halvorsen. Gilbert alibaki na karatasi mkononi. Masikio yalikuwa yakimwaka kama mtu aliyezabwa kofi hadharani, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuona neno hata moja la yule mama la kulikataa.

Siku hiyo hakwenda kazini. Wambui aliporudi alasiri, Gilbert alimkalisha sebuleni pamoja na Natasha, akawaeleza yote. Alieleza kwa Kiswahili, polepole, bila kumwangalia mke usoni.

Wambui alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ulimwambia baba yangu wewe ni Mgiriama."

"Mama yangu ni Mgiriama."

"Sikukuuliza habari za mama yako, Gilbert. Baba yangu alikufa akikuita mkwe wake Mgiriama. Kaka zangu wanakuita hivyo mpaka leo. Miaka kumi na minane."

"Niliogopa mtanikataa."

"Nani? Mimi?" Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, ile ambayo Gilbert aliiogopa kuliko makelele. "Ulinitazama ukaamua mimi ni mtu wa kumkataa mwanamume kwa sababu babu yake alikamatwa akiwa mtoto mdogo. Hukunipa hata nafasi ya kukukubali. Hilo ndilo litakalonichukua muda."

Alipanda juu, na jioni ile sare zake za kazi zikahamia chumba cha wageni.

Natasha alibaki kitini. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuwa na simu mkononi. Akauliza, kwa Kiswahili kilichovunjikavunjika, "Huyo dada yake, aliitwa nani?"

Gilbert alitambua kwamba hajui. Hajawahi kuuliza.

Jumamosi asubuhi, kule Mombasa ikiwa jioni, alimpigia shangazi yake Bernardine, mwenye miaka themanini na minne, aliyebaki peke yake katika ile nyumba ya Kisauni. Baada ya salamu ndefu za hali na afya na mvua, akamuuliza.

"Leo ndiyo unauliza?" shangazi alisema. "Ulipokuwa ukijiita Mgiriama hukutaka kujua."

"Nisamehe, shangazi."

"Mimi sina la kukusamehe. Jina halipo, mwanangu. Baba yangu alimuuliza baba yake, na yule mzee akasema amelisahau. Alikuwa na miaka minane. Alikumbuka kwamba dada yake alikuwa na kovu hapa kwenye nyusi, na kwamba dada huyo alimbeba mgongoni njiani, miguu ya mvulana ilipovimba. Jina alilisahau, na jambo hilo lilimliza mpaka uzee."

"Hakuna mahali lilipoandikwa?"

Shangazi alicheka kicheko kikavu. "Ya babu yako yapo. Misheni waliandika siku aliyobatizwa, waliandika anajua kusoma, waliandika ana bidii. Sisi tukafundishwa kuwashukuru Waingereza kwa kutuokoa. Nami niliwashukuru sana nikiwa msichana, mpaka nilipokuwa mtu mzima nikasoma kwamba Waingereza hao hao walikuwa wamebeba watu mamilioni kabla ya kugeuka waokozi. Ya dada yake nani aandike? Wareno? Kwao alikuwa kichwa kimoja katika vichwa."

Gilbert alimwazia msichana mwenye kovu kwenye nyusi, aliyefika Kuba au aliyetupwa baharini, na wajukuu wake kama walipata kuwapo, ambao huenda mmoja wao alipata kukaa kitini mbele yake kliniki, yeye akimwambia natoka Kenya. Hasira iliyomshika safari hii haikutaka kupiga meza. Ilikaa tu, imetulia kama jiwe.

Jumapili alikwenda kwa Ken, Saint Louis Park. Ken alikuwa rafiki yake tangu mwaka wa kwanza Marekani, ndiye aliyemfundisha kuendesha gari kwenye theluji. Wanaume watano walikuwa roshani wakizunguka jiko la nyama. Mazungumzo yalipita kwenye mpira na siasa za nyumbani, kisha Ken akaanza habari za mfanyakazi mwenzake mweusi wa hapa, jinsi alivyochelewa na jinsi alivyolalamika. "Unajua hawa watu," alisema akigeuza mbavu. "Waliletwa, sisi tumejileta. Ni akili tofauti."

Wengine walicheka. Gilbert aliweka sahani chini.

"Hayo maneno mwanangu ameyasema shuleni. Neno kwa neno."

"Natasha?" Ken alicheka. "Huyo ni mkali, bana."

"Usicheke. Mimi ni hao, Ken. Babu zangu walikamatwa na kuuzwa. Mmoja aliokolewa njiani, dada yake akapelekwa Kuba. Tofauti yao ni chombo walichotiwa, si akili. Mimi nimekuwa nikicheka nanyi hapa miaka yote hii, na ninaona haya."

Mafuta yalidondoka kwenye makaa. Ken alimtazama kama anayesubiri amalizie mzaha.

"Sawa, pole," alisema mwishowe. "Lakini ume-overreact, bro. Hakuna aliyekusema wewe."

"Ndivyo ilivyo. Hakuna aliyenisema mimi, kwa hiyo nikacheka."

"Basi sasa wewe si Mkenya?"

Gilbert alitaka kumjibu, akaona jibu litakuwa refu na mkono wake wa kulia umekunjika ngumi. Alichukua koti akaondoka. Njiani aliwaza nyani asivyoona kundule, na kwamba kwa miaka ishirini nyani huyo alikuwa yeye. Ken hakumpigia simu wiki hiyo, wala iliyofuata.

Natasha alimwandikia Nia barua ya kuomba radhi, akaiandika upya mara tatu. Nia aliisoma mbele yake, akairudisha, akamwambia sawa, na akaendelea kukaa meza nyingine. Natasha alimweleza baba yake jambo hilo akilia. Gilbert hakumwambia kwamba yatapita. Alimwambia kwamba Nia ana haki ya kukaa anapotaka.

Gilbert naye alimwandikia Halvorsen kuhusu karatasi. Jibu lilikuja la mistari miwili: asante kwa maoni yako, tutayazingatia. Ndipo alipojiandikisha kusema mbele ya bodi ya shule, ambako mwananchi yeyote hupewa dakika tatu.

Mkutano ulikuwa wa saa kumi na mbili jioni. Wambui alisema hatakuja, na alikuja. Aliketi karibu na mlango, Natasha akiwa kando yake. Gilbert alisimama kwenye kipaza sauti na karatasi ile mkononi. Alisoma sentensi zake kwa sauti. Alisema hakatai kwamba Waafrika waliuza, babu yake aliuzwa na watu weusi kama yeye, na hao hawatetei. Kisha akasema anataka karatasi iandikwe upya, na kila tendo lipewe mtenda wake. Waandike Wareno walinunua. Waandike Waingereza walinunua na kupakia. Waandike Wafaransa, Waholanzi, Wahispania. Waandike ni wafalme gani waliotoa vibali na makampuni gani yaliyowakatia watu bima kama magunia. Sauti yake ilikuwa inapanda, na hakuizuia. Alikuwa ndiyo kwanza anafika kwa Wadenmaki saa ya dakika tatu ilipolia. Mwenyekiti wa bodi akamshukuru, akaita jina linalofuata, mtu aliyekuja kulalamikia maegesho ya magari.

Gilbert aliondoka kwenye kipaza sauti. Kwenye safu ya nne alimwona Odessa Tolliver, koti lake hajalivua. Alikuwa hamtarajii. Alipopita karibu, yule mama hakusimama wala hakutabasamu.

"Hukumaliza," alimwambia.

"Wamenikata, mama."

"Mwezi ujao jiandikishe tena. Mimi nitajiandikisha baada yako, nianzie utakapokatwa." Alimtazama juu hadi chini. "Bado sijakusamehe."

"Najua," Gilbert alisema.

Mama Tolliver alisogeza mkoba wake kutoka kiti cha kando yake, akaushika mapajani. Gilbert aliketi.